Ruzuku ya utafiti wa ubongo: lipieni kwanza kile kinachowaunganisha

Maabara kumi zikiomba ruzuku moja ya kuchunguza ubongo, mazungumzo huanzia kwenye mgawo: nani apate kiasi gani. Hapo ndipo mradi unapoanza kuharibika. Fedha ikipakuliwa sahani kwa sahani kama pilau ya shughuli, kila mtu hula pembeni, na baada ya miaka mitano zinapatikana tafiti kumi zenye jina moja.

Mfano wa kusoma kwa makini ni International Brain Laboratory, mradi wa pamoja wa kuchunguza ubongo wa panya, ulioanza 2017 ukiwa na maabara 21 za Ulaya na Marekani, kwa fedha za wafadhili wa utafiti Wellcome na Simons Foundation. Walichagua kazi moja tu. Panya amefungwa kichwa kisitikisike, miguu ya mbele iko juu ya gurudumu dogo. Mchoro wa mistari unatokea kushoto au kulia mwa skrini. Azungushe gurudumu hadi mchoro ufike katikati, apate tone la maji ya sukari. Mara 90 za kwanza pande zote mbili zina nafasi sawa. Kisha upande mmoja unapewa asilimia 80, na baadaye unageuzwa bila ishara yoyote. Panya agundue mwenyewe.

Kazi ni nyepesi. Kinachogharimu ni kuifanya iwe ile ile kila mahali: skrini ya aina moja, gurudumu la aina moja, programu moja, mwongozo mmoja wa mafunzo. Matokeo ya 2021 yalitoka kwa panya 140, maabara 7, nchi 3, maamuzi milioni 5. Kasi ya kujifunza ilitofautiana sana, lakini panya wakishaiva, ilikuwa vigumu kujua yupi katoka maabara ipi. Usawa huo haumo katika bajeti ya maabara yoyote peke yake. Usipoandikiwa fungu lake, hakuna atakayeulipia.

Kurekodi seli ndiko kunakotoboa mifuko. Sindano ya Neuropixels 1.0, inayochomwa ndani ya ubongo kunasa umeme wa seli, ina vituo 960 vya kunasia, na husoma 384 kwa wakati mmoja, mara 30,000 kwa sekunde. Kila kipimo kikihifadhiwa kwa baiti 2, hiyo ni takriban gigabaiti 83 kwa saa kwa sindano moja, kabla ya kubana faili. Sindano mbili, saa moja na nusu, panya mmoja: gigabaiti 250. Waombaji wengi huandika bei ya sindano wakasahau seva, na wakasahau mshahara wa anayeitunza.

Halafu sindano hukosa shabaha. Fuvu la kila panya lina umbo lake, na kichwa kikiinama kidogo tu, ncha iliyokusudiwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huishia jirani. Maabara kumi za mradi huo zilipojaribu kulenga sehemu zile zile za ubongo, kutofautiana kwa shabaha kulikuwa tatizo kubwa. Kwa hiyo kila ubongo lazima upigwe picha kwa hadubini baada ya jaribio, njia ya sindano ifuatiliwe, rekodi mbovu zitupwe. Wekeni gharama hiyo kwa kila panya, na mpange panya wa ziada. Ramani ya ubongo mzima waliyochapisha 2025 ilitokana na panya 139, maabara 12 na uchomaji 699 wa sindano. Kati ya seli 621,733 zilizotambuliwa, zile ambazo ishara zake zilitenganishwa vizuri na za jirani zilikuwa takriban 76,000.

Upande wa makaratasi, fedha hufikia taasisi kinara kwanza, kisha hushuka kwa mikataba midogo inayosainiwa na ofisi za ruzuku, si na watafiti. Kibali cha kamati ya wanyama hutafutwa kila taasisi, na panya haguswi kabla ya kibali. Anzeni vibali siku mnayotuma ombi. Mkisubiri barua ya kukubaliwa, mtalipa mishahara ya miezi mingi huku vyumba vya majaribio vimefungwa.

Na wahandisi wa programu waajiriwe na mradi, si na maabara. Akiwa chini ya profesa mmoja, mhandisi ataitwa kurekebisha kamera ya chumba cha jirani, na maabara nyingine tisa zitasubiri.