Vile karton za sabuni ziliokoa programu yangu ya depo

Vijana wananiulizaka kila mara: nikitengeneza programu ya ordinateri (kompyuta), niandike mpango wote kwanza ama nianze kwa kuchunguza na kujaribu? Mimi nilipewa jibu moja tu hapa Goma na likanipotezea miezi 3, ndiyo maana naandika.

Mama mumoja mwenye depo ya maharagi na unga kule Birere alinipa kazi ya programu ya stoki na madeni. Kaka mukubwa aliyenitangulia kwenye hii kazi akaniambia fundi wa kweli anafuata hatua: mahitaji, muundo, kuandika, kupima, kukabidhi, na hatua ikishapita haurudi nyuma. Nikaandika masharti, ni kusema yote programu itapaswa kufanya, kurasa 40, mama akasaini ju ananiamini. Nikaandika programu, nikapima, kila kitu kikapita. Siku ya kukabidhi akaangalia skrini muda mrefu kisha akasema polepole, "Papa, hii inanionyesha mifuko. Mifuko naiona na macho. Mimi nataka kujua nani iko na deni yangu leo, na kama ni ya dola ama ya franga." Programu yangu ilijua dola tu, tena ilitaka jina la kwenye kitambulisho wakati kaye yake, daftari ya madeni, imejaa "Mama Furaha wa kona". Ukihesabu intaneti na mafuta ya jenereta nilipoteza kama dola 200 hivi, niliumia kweli.

Nikarudi bila ordinateri. Siku 4 nilikaa juu ya mufuko wa maharagi na karton za sabuni nilizokata, kila moja nimechora skrini na biki, mama anagusa na kidole na mimi nabadilisha karton haraka haraka sawa vile mashine ingefanya. Siku ya pili muteja akaja kulipa deni, nusu dola nusu franga, mama akagusa kona ambayo sikuchora kitu: "Na ya kubadilisha bei ya dola iko wapi? Ya asubuhi si ya sasa." Nikachora palepale, muteja bado amesimama! Jioni binti yake akajaribu bila mimi kumweleza chochote, akapata deni la Mama Furaha mara moja. Nilitupa karton 11, zikabaki 3, na kutoka hizo 3 programu ilikwisha kwa wiki kama tatu.

Kilichonikasirisha zaidi nilikisoma nyuma. Ule mchoro wa hatua ambao watu wanaushika kama sheria unatoka kwenye makala ya Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Amerika, ya 1970, na yeye mwenyewe aliandika mulemule kwamba kuufuata hivyo ni hatari, tena akashauri kama programu ni ya mara ya kwanza, ile unayokabidhi iwe toleo la pili. Halafu mtaalamu mwingine, Barry Boehm, mwaka 1988 akaeleza njia ya mzunguko: kila raundi unaanza na lile linaloweza kukuangusha zaidi.

Lakini hesabu ya deni kwa pesa mbili niliiandika kwa hatua, masharti kwanza, kisha mifano ya kupimia, ju kanuni yake mama aliijua kwa kichwa na haikuwa na cha kuchunguza. Sasa niko kwenye duka la dawa: hesabu ya tarehe za dawa kuharibika nimeshaiandika yote, na kesho asubuhi naenda na karton.