Nyota Iliyopigwa Pampu

Juzi mwanangu alitoka shule akaniuliza, "Baba, Nyota ya Kaskazini ni ipi?" Nikamwambia kutoka hapa Mwanza haionekani. Tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi mbili na nusu hivi, yenyewe iko chini ya upeo wa macho. Akanuna, akaingia ndani. Mimi nikabaki nje nikiukumbuka usiku ule wa Mei, tukitoka Nansio, kisiwani Ukerewe.

Wanafunzi wangu wa unahodha walikuwa wabishi: nyota za nini, na simu ina ramani? Nikawapeleka ziwani wakati wa giza la mwezi, nikakusanya simu kwenye ndoo, nikaifunika dira kwa koti langu. "Haya, turudisheni Mwanza."

Mwezi Mei, kwenye saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima. Teremsha jicho kutoka nyota yake ya chini hadi majini: hapo ndipo kusini, na Mwanza iko upande huo. Kijana wa usukani aliupata vizuri. Ila kuangalia juu kunachosha shingo, basi akajichagulia nyota moja kubwa iliyokaa chini, mbele yetu, akailenga hiyo. Nikanyamaza, maji yalikuwa bado mengi.

"Kaka, hiyo ni taa ya karabai," akasema binti mmoja wa Ukerewe.

Akabisha. Nyota ya watu, karabai wapi!

"Itazame tu."

Tukaitazama wote. Ikafifia, ikawa ya njano, ikanywea kama inataka kuzimika. Kisha ghafla ikawaka nyeupe pee.

"Umeona? Wanaipiga pampu."

Tulikuwa tunawafuata wavuvi wa dagaa, nao walikuwa wakielea kuelekea mashariki, kwenye miamba. Kijana hakusema neno. Aliinua uso, akautafuta Msalaba, akarudisha usukani taratibu. Tulifika salama, na simu hakuna aliyeziulizia hadi gatini.

Tukifunga kamba, binti akaniuliza, "Mwalimu, na mawingu yakifunga?" Nikamwambia usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, basi aukabili kwa uso.

"Na dhoruba ikiugeuza?"

Nikamwambia akiona radi asitoke, na jaketi la kuokolea maisha asilivue.

"Kaka yangu alitoka ziwa likiwa shwari."

Somo hilo sasa nalianzia hapo, kwenye swali lake. Jibu la kumtosha bado sijalipata.