Migomba 23

Mwaka 1978 nilikuwa dereva wa Bedford ya tani saba, mali ya shirika moja la umma pale Dodoma. Nilikuwa na miaka 24, mke nimemuoa mwaka uliotangulia, na mafunzo ya mgambo nilikuwa nimeshamaliza kwenye uwanja wa shule ya msingi, tukishika bunduki za mbao. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa kuhusu vita na Idi Amin wa Uganda, ambaye majeshi yake yalikuwa yameingia kwetu. Uwezo, sababu na nia ya kumpiga: kila mtu wa rika langu bado anaisikia ile sauti. Siku chache baadaye nilifika kazini nikamkuta ofisa mmoja ana karatasi yenye namba za magari. La kwangu lilikuwa la nne. Akauliza dereva wake nani. Nikanyoosha mkono, basi, nikawa nimekwenda vitani.

Safari ya kupitia Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo sitaisimulia. Vumbi, kisha tope. Tulipofika Bukoba gari langu lilipakwa rangi ya majani, mimi nikapewa sare ya mikono mirefu kuliko mikono yangu, na kazi ikawa ile ile niliyoiacha Dodoma: pakia, funga turubai, endesha, shusha. Ila mzigo ulikuwa makasha ya makombora ya mizinga, na tuliendesha usiku tu. Taa za mbele tulizipaka tope ukabaki mwanga wa ufa mmoja mwembamba. Ndege za Amin zilikuwa zimeshapita maeneo yale, na gari lenye mzigo kama wangu likikutwa barabarani mchana, hakuna hata mtu wa kuzika.

Usiku ninaotaka kuuandika ulikuwa wa wiki ya mwisho ya Desemba. Wakati huo majeshi yetu yalikuwa yameshavuka kurudi kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limelala majini tangu mwanzoni mwa Novemba. Ndege za adui zililikosa, wakaja kulilipua kwa baruti, wakidhani mto utawalinda. Tulivuka kwa daraja la muda, gari mojamoja, mguu mwepesi kwenye mafuta, mbao zikilia chini ya tairi. Ng'ambo ndipo nilipoona nchi iliyoporwa ilivyo. Nyumba hazina mabati, hazina milango. Ng'ombe wa ranchi za serikali walikuwa wameswagwa kuvuka mpaka. Watu waliokimbilia kusini ya mto ndiyo kwanza walikuwa wanarudi, mmoja mmoja, na mafurushi yao kichwani.

Tulipita Bunazi kama saa nne usiku, tukaiacha barabara kuu ya kwenda Mutukula, mpakani, na kushika njia ya kando kwenda kwenye mizinga. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Kwenye bonde dogo, kabla ya kupanda, nikahisi usukani umekuwa mwepesi mkononi, na kila dereva anajua maana yake. Gari likateleza upande wa kushoto, tairi za nyuma zikachimba, difu ikalala kwenye tope. Tulikuwa watu sita: mimi, koplo mmoja na wapakiaji wanne, wote mgambo.

Tulishusha makasha zaidi ya nusu, tukiyabeba wawili wawili hadi pakavu. Tulikata vichaka. Tulipiga jeki, na jeki yenyewe ikazama. Saa nane ya usiku ilipofika koplo akasimama kimya akitazama upande wa mashariki, na mimi nikajua anahesabu saa zilizobaki kabla ya kupambazuka.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa.

Alikuwa bibi mmoja, amejifunika gunia la kahawa kichwani. Nilikuwa nimekaa Bukoba mwezi mzima, nilijua pale mama mtu mzima anaitwa mae, nikamwamkia, "Shikamoo, mae." Akaitika, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha Kihaya tumekwama tangu saa ngapi, kana kwamba tumekwama mlangoni kwake. Kumbe ndiyo hivyo. Hatua kama 40 kutoka barabarani palikuwa na nyumba yake, isiyo na paa, na alikuwa anaishi kwenye kona moja aliyoiezeka kwa majani makavu ya migomba. Mbuzi wake walichukuliwa, sufuria zilichukuliwa, hata jembe. Kilichobaki kilikuwa kibanja, yaani shamba lake la migomba, maana kibanja hakibebeki.

Koplo akamwambia kwa heshima kwamba tunahitaji kukata migomba. Hakuwa anaomba ruhusa hasa, ilikuwa vita, lakini namshukuru mpaka leo kwamba alisema vile alivyosema na hakuingia na panga. Bibi akanyamaza. Kwa asiyewajua Wahaya inafaa niseme: kibanja kwao si shamba tu. Ndicho chakula cha kila siku, ndicho urithi, na humo humo ndimo wanamozika watu wao. Mimi wakati ule sikuyajua yote hayo. Niliona tu bibi anaangalia chini.

"Njooni," akasema. "Lakini nitawaonyesha mimi."

Koplo akafunika tochi kwa kitambaa, tukamfuata. Alitembea kati ya mashina akiyagusa kwa kiganja, moja baada ya jingine. Huu ukate. Huu ukate. Huu una mkungu, uacheni. Palipokuwa na migomba mitatu imesimama pamoja akajiweka mbele yake. "Hii msiiguse, wanangu. Hapa amelala mzee wangu."

Nilikata mwenyewe mgomba wa kwanza. Sikuwahi kukata mgomba maishani. Kwetu Dodoma tunalima uwele na mtama. Panga linaingia kwa urahisi mno, kama linaingia kwenye maji, na kweli ni maji: yalimwagika baridi juu ya viatu vyangu, na ndani ya shina nikaona matabaka meupe yenye vitundu vitundu kama masega. Mgomba ukalala taratibu, majani yakavuma yakigusana na ya migomba mingine, kisha kimya. Utomvu ukanirukia kwenye mkono wa sare. Bibi akaniambia niufute upesi. Nikaufuta kwa mkono, nikauzidisha.

Mashina ya kwanza tuliyasukuma chini ya tairi, nikawasha gari, nikakanyaga. Yakasagika yakawa uji, tairi zikayatema nyuma. Bibi akaja hadi kwenye dirisha langu. "Mwanangu, unaharibu," akasema, na neno lile liliniingia. Akatueleza: tujaze shimo kwanza kwa mashina mazima, yalale kukata njia, yashindiliwe, kisha juu tuweke kikavu. Kikavu kilikuwa nyasi alizozitandaza kibanjani kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu. Alikuwa amezitandaza upya baada ya kurudi, peke yake, kwa mikono. Akazikusanya pamoja nasi, mafungu mazito, na ilipoonekana hazitoshi akaenda kwenye ile kona yake ya nyumba akavuta chini majani aliyoezekea. Nilimwona kwa macho yangu. Mvua ilikuwa bado inanyunya.

Tuliondoka saa kumi na nusu. Gari lilitetemeka, likapanda juu ya lile godoro la migomba, likatoka. Wapakiaji hawakushangilia, hawakuwa na pumzi. Ilibidi turudishe makasha yote garini, na wakati wanapakia koplo alichana pakiti ya sigara, akaandika kwa kalamu ya risasi upande mweupe: "Migomba 23, imekatwa kwa kazi ya Jeshi." Akaweka tarehe na sahihi, akamwambia bibi aitunze, vita vikiisha aipeleke kwa viongozi alipwe.

Bibi aliishika ile karatasi, akaigeuza. Hakujua kusoma. Akanijia mimi, akanipa. "Kaa nayo wewe dereva. Wewe ndiye utapita tena."

Kisha akafungua pindo la kanga, akanihesabia punje za kahawa za kutafuna, zile wanazozichemsha na majani yenye harufu na kuzikausha, ambazo mgeni hupewa akifika nyumbani kwa mtu. Sisi hatukuwa tumefika kwake kama wageni, tulikuwa tumembomolea. Nilizitafuna njiani, na kwenye mizinga tulifika mbingu zikianza kuwa kijivu. Sajenti wa pale alitutukana kwa kuchelewa, akapokea mzigo.

Sikupita tena kwa miezi. Mwezi Januari jeshi liliichukua Mutukula, na magari yetu yakawa yanafuata nyuma ndani ya Uganda: Masaka mwishoni mwa Februari, kisha Lukaya na kinamasi chake mwezi Machi, Kampala Aprili. Niliyoyabeba huko, kwenda na kurudi, ni habari ya siku nyingine. Watu huniuliza niliwahi kufyatua risasi. Hapana, hata moja. Lakini sare yangu ilikuwa na doa la kahawia kwenye mkono wa kulia, nililifua kwa kila sabuni, halikutoka.

Niliporudi ilikuwa Julai 1979, tumo kwenye msafara, amri ni kutosimama mpaka Kyaka. Nilimwomba kiongozi wa msafara dakika kumi, nikamwonyesha karatasi ya sigara. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Nenda, nikipiga honi uje."

Chini ya kiti nilikuwa na miche miwili ya sabuni, pakiti za chumvi na kanga mpya. Nyumba ilikuwa imeezekwa nyasi mpya. Mlangoni alikuwapo mtoto wa kike wa kama miaka saba, akaniambia bibi amekwenda mtoni na jembe. Jembe! Nilifurahi kusikia ana jembe. Nikampa mtoto ule mzigo, nikamwambia, mwambie dereva amepita.

Halafu nikaingia kibanjani. Visiki vyetu vilikuwa vimeoza na kuwa vyeusi, na pembeni mwa kila kimoja palikuwa na chipukizi limesimama, mengine yamenifika kifuani, nyasi zimetandazwa vizuri kukizunguka. Mtu alikuwa ameyapunguza, kila kisiki kimeachiwa moja. Ile mitatu ya kaburini ilikuwa imesimama, mmoja una mkungu mkubwa uliotegemezwa kwa mti. Nikaanza kuyahesabu machipukizi kwa kidole, nikitembea taratibu alipotembea bibi usiku ule. Nilikuwa nimefika 19 honi ilipopigwa.