Chupa ya soda

Nimetoka kazini sasa hivi, hata sare sijavua.

Leo nimepewa kazi ya kupitia rejesta za dharura hapa Moshi, kuhesabu waliolazwa kwa sumu, kisha kulinganisha na dawa tulizonazo stoo.

Dawa ya wadudu ya nyanya.
Mafuta ya taa.
Dawa ya panya.
Mafuta ya taa tena, mtoto wa miaka 2.

Nikaenda stoo. Atropini, dawa ya sindano ya kutibu baadhi ya sumu za wadudu: boksi moja, tena limeshafunguliwa.

Jamani, mgonjwa mmoja tu aliyekunywa sumu ya shambani anaweza kumaliza makumi ya ampuli, vile vichupa vya sindano. Unamchoma, unasubiri dakika 5, unaongeza dozi maradufu, mpaka majimaji kifuani yakauke. Nilisimama pale mlangoni na lile boksi mkononi, jepesi.

Ila kilichonikaa kichwani ni maneno mawili kwenye maelezo ya wagonjwa: chupa ya soda. Yanajirudia ukurasa hadi ukurasa. Mtu kapimiwa dawa dukani, kaitia kwenye chupa ya soda, kaiweka chini ya meza. Mtoto karudi shule na kiu.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, tafadhali msimtapishe. Yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali, na mje na chombo chenyewe.

Wenzangu wa Arusha na Dar, stoo zenu zikoje?

Na wewe unayesoma, dawa ya shamba kwako inakaa wapi? Niandikieni hapa chini, nasoma zote.