Kurasa Mbili Zilizozidi

Binti yangu amemaliza kitabu cha hadithi akakuta karatasi mbili tupu mwishoni. "Baba, waliishiwa na maneno?"

Nilianza kumweleza habari za kukunja karatasi, akachoka kabla sijafika mkunjo wa pili. Ninyi hamna pa kukimbilia.

Jibu nililipata kwa jarida la mashairi na fikra tulilochapa mimi na wenzangu, toleo la kwanza ambalo ndilo lilikuwa la mwisho. Desemba 2005, Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Mwaka ule katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, nasi tukajiaminisha kwamba Kampala ingeamka siku moja ikiulizia mashairi. Kampala ilikuwa inasubiri uchaguzi wa Februari. Mitambo ya mtaa ule ilikuwa inatoa nyuso za wagombea usiku na mchana, na mwanya uliobaki ulichukuliwa na kadi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa. Sisi tulikuwa na pesa ya rimu nne.

Rimu nne si kubahatisha. Karatasi moja ya A3 ikichapwa pande zote mbili hutoa kurasa 8 za A5. Karatasi nne, kurasa 32. Kwa nakala 500 unahitaji karatasi 2,000, ndizo rimu nne, na pleti nane, yaani bati la kuchapia, moja kwa kila upande wa karatasi. Bado hujahesabu za kuharibika, maana kila pleti mpya ikifungwa, karatasi kama hamsini hupotea kabla maji na wino havijapatana. Hizo mwenye mtambo alitupa bure: mabango yaliyoharibika, akayapitisha tena. Ninayo moja hadi leo, mgombea ubunge aliyepigwa beti mbili kwenye paji la uso.

Jarida letu lilikuwa na kurasa 34.

Mwenye mtambo, mzee wa makamo, hakubishana. Alichukua karatasi nne chakavu, akakunja kila moja mara mbili, akiusugua mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba, akazitia moja ndani ya nyingine, kisha akaandika namba kwa penseli, moja hadi 32, akifunua pembe bila kuchana. Akaikunjua ile ya nje kabisa. Upande mmoja: 1, 32, 4, 29, mbili zikiwa kichwa chini. Upande wa pili: 2, 31, 3, 30. "Jumlisheni zinazolala ubavu kwa ubavu," akasema. Tukajumlisha. Thelathini na tatu, kila mahali. "Sasa niambieni, hiyo 34 yenu italala na nani?"

Ingewezekana kuongeza kurasa nne: pleti ya tisa na nusu rimu, unachapa upande mmoja, unageuza, unachapa tena kwa pleti ile ile, unakata katikati. Mbili za makala, na mbili, alishauri mzee, tuuze matangazo, ndiyo yalipie pleti. Tulikataa. Jarida la fikra litangaze magodoro? Nikikumbuka sura zetu tukikataa, natamani kuinama chini ya meza.

Basi ikaondolewa makala ya kurasa mbili, ya rafiki yetu, kuhusu Transition: jinsi Rajat Neogy alivyolianzisha jarida lile hapa hapa Kampala mwaka 1961, na jinsi alivyotiwa kizuizini mwaka 1968 wakati wa Rais Obote. Katikati ilieleza kwamba asasi ya Congress for Cultural Freedom, iliyolisaidia jarida kwa fedha, na iliyogharimia pia mkutano wa waandishi wa Makerere wa 1962, ilikuja kubainika kuwa ilikuwa ikilishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Tulimsimulia mzee haya tukitaka ahisi uzito wa anachotutoza. Alisikiliza huku akifuta mikono.

"Kumbe nao walikuwa na mtu wa kulipia pleti," akasema. "Ninyi mnaye?"

Yaliyofuata yalikwenda haraka: tukachapa, kina dada watatu wakakunja kwa mkono, pini mbili mgongoni, kisha gilotini, mashine ya kukata kingo. Hapo gilotini ndipo tulipolipia ujanja wetu. Awali kazi nzima ilifika kurasa 40, na ili kuibana tulipunguza pambizo ya nje hadi milimita tano. Kisu huondoa tatu. Jarida la pini, karatasi za katikati huchomoza nje kadiri unavyozirundika. Kwa kurasa 32 ni kama milimita moja. Jumla nne, ilitosha, lau kila mkunjo ungekuwa mnyoofu. Lakini katika nakala kama mia, mkunjo wa katikati ulikwenda kombo kwa milimita tatu au nne, ukasukuma maandishi ya ukurasa wa 17 nje, kwenye kisu.

Ukurasa wa 17 ulikuwa na shairi la kimapokeo, mizani kumi na sita kwa mstari, mistari mirefu inayogusa pambizo, na kina chake cha mwisho kilikuwa -ni. Mshairi aliwaweka watu wake sokoni, mtoni, nyumbani, moyoni. Kisu kikamwachia soko, mto, nyumba, moyo. Vipande vyenyewe vilikuwa sakafuni chini ya mashine, nyuzi za karatasi zenye "ni" ndogo nyeusi, dada mmoja akizifagia pamoja na ncha za kadi za harusi zenye dhahabu.

Tuliziuza hivyo hivyo, kwa nusu bei. Huko Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, mzee mmoja alichukua nakala iliyokatwa, akalisoma shairi lile kwa sauti mbele ya duka, akirudisha -ni kila mwisho wa mstari bila hata kusita, wala sidhani aliona kwamba haikuwepo. Mshairi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka.

Mzee wa Bombo alipomaliza kusoma alifunika jarida, akalipindua nyuma na mbele, akaniuliza ukurasa wa tangazo tunautoza kiasi gani. Alikuwa na vyumba vya kupangisha.