Yadi Moja

Simu iliita kabla yule kijana wa timu ya New England hajainuka chini na mpira wake. Sikuhitaji kutazama ni nani. Shemeji alikuwa kwenye foleni ya teksi mbele ya hoteli moja katikati ya Seattle, anasikiliza mechi redioni, na sauti yake ilinifikia kabla simu haijafika sikioni.

"Shem! Punda yupo, mzigo upo, mtu anajitwika kichwani kwa nini?"

Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Februari 2015, kama saa moja usiku. Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, ilikuwa inachezwa Glendale, Arizona, na mji wetu wote ulikuwa umeshika pumzi. Sasa ulikuwa umeachia, na kilichotoka hakikuwa kelele. Nilisikia jirani akifunga mlango wa gari lake taratibu, kama mtu aliyetoka msibani.

Mimi nilikuwa zamu. Nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Kent, kusini mwa Seattle, wazee sita na wauguzi wawili kwa kupokezana. Mmoja wa wazee hao alikuwa amefundisha futiboli ya Marekani kwenye shule ya sekondari karibu maisha yake yote ya kazi. Kiharusi kilimlaza mkono wa kushoto lakini hakikugusa ulimi. Nilimwita Kocha. Yeye aliniita Tanga, kwa sababu siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi na jibu likamkaa.

Mchezo wenyewe alinifundisha kwa visoda. Nilikuwa nimekuja navyo kutoka nyumbani kwenye mfuko wa nailoni, 24, kumi na mbili vya rangi moja na kumi na mbili vya nyingine, nikidhani Marekani nitapata mtu wa kucheza naye drafti. Sikumpata. Kocha alipoviona akavimwaga mezani, akapanga kumi na moja huku na kumi na moja kule, kimoja akakifanya mpira. Kilichobaki alikiweka pembeni. "Huyu ni saa," alisema. "Wote wanamsahau huyu, na ndiye anayewaua."

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo tu, maana bila hili ugomvi wetu hauna maana. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikisogea, inapewa mengine manne, hadi ivuke mstari wa mwisho na kupata bao. Unaweza kumpa mtu mpira akimbie nao, au kuurusha. Aliyekimbia akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kula sekunde zake. Pasi ikianguka chini bila kudakwa, saa inasimama. Na kila timu ina ruhusa tatu za kusimamisha saa katika kila nusu. Hayo tu.

Wiki mbili kabla, kwenye mechi ya kuamua nani aende fainali, Seattle Seahawks walikuwa chini 16 kwa sifuri mbele ya Green Bay hadi mapumziko. Mara mbili Green Bay walifika karibu kabisa na mstari, wamebakiza kama yadi moja, na mara zote mbili kocha wao akachagua kupiga teke apate pointi tatu za uhakika. Kocha wangu alitikisa kichwa. "Anachukua senti anaacha shilingi," ndivyo ningemtafsiri. Kipindi cha pili Seattle wakajipanga kama wanaopiga teke wao pia, halafu yule anayeshika mpira upigwe akainuka, akakimbia, akamrushia jitu moja la safu ya mbele ambalo kazi yake ya kila siku si kudaka. Likadaka. Tukashinda 28 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Usiku ule shemeji alipita nyumbani kwangu akiruka ruka, akimsifu kocha wa Seattle. "Huyu Pete Carroll ni mwanamume! Hana woga!" Nayaandika maneno hayo hapa kwa makusudi.

Basi fainali. Seattle dhidi ya New England Patriots. Zimebaki sekunde sita kabla ya mapumziko, Seattle wako yadi kumi na moja, pointi tatu za teke ziko mezani kama sahani ya ubwabwa. Carroll akazikataa. Wakirusha na mambo yakaenda mrama, muda unaisha, wanatoka mikono mitupu. Wakarusha. Kijana aitwaye Chris Matthews, ambaye kabla ya siku ile hakuwa amedaka pasi hata moja katika ligi ile, akadaka. Ikawa 14 kwa 14. Shemeji alinipigia akicheka peke yake ndani ya teksi.

Robo ya mwisho ilianza tukiongoza 24 kwa 14. Tom Brady, mrushaji wa New England, akatupokonya zote kumi na juu yake nne. Tukawa nyuma 28 kwa 24, zimebaki dakika mbili. Halafu Jermaine Kearse wa kwetu akaanguka chali, mpira ukamdunda mapajani, mkononi, huku na huku, akaudaka akiwa amelala. Mlinzi wa New England aliyekuwa naye alikuwa kijana mgeni kabisa, Malcolm Butler, ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni. Nilimwonea huruma. Zikabaki yadi tano. Wakampa mkimbiaji wetu Marshawn Lynch, akaburuta watu hadi yadi moja. Moja! Mtu mzima akilala chali anaipita.

Saa ikawa inakimbia. Kocha hakutazama mpira. Alinyoosha kidole kwenye kona ya skrini.

"Belichick hasimamishi saa," alisema. "Tanga, tazama. Hasimamishi."

Bill Belichick, kocha wa New England, alisimama tu, ameganda, ruhusa zake mfukoni, na sekunde zikadondoka hadi 26. Mpira ukachezwa. Mrushaji wetu Russell Wilson akarusha katikati, kwa Ricardo Lockette, na Butler, yule yule niliyemwonea huruma, akafika kabla yake, akaunasa mpira.

Ndipo simu ikaita.

Niliiweka mezani kwa sauti ya wazi kwa sababu nilikuwa nimeshika bakuli la supu ya Kocha. Kocha akauliza huyo mtu anasema nini. Nikamwambia: anasema, ukiwa na punda, kwa nini ubebe mzigo mwenyewe? Kocha, ambaye macho yalikuwa yamemlowa, akacheka.

"Mwambie punda huyo kila mtu alikuwa anamsubiri mlangoni."

Nikamwambia shemeji.

"Wamsubiri!" Shemeji alipiga usukani, nikausikia. "Usiku kucha wanamsubiri! Amekimbia mara 24, yadi 102, wamemzuia? Muulize, wamemzuia?"

Sijawahi kuwa mkalimani wa mahakama, lakini nadhani nilionja kazi hiyo. Hawa wawili walikuwa wameonana mara moja tu, siku shemeji aliponiletea chakula cha Idi. Sasa walikuwa wanagombana kama wanywa kahawa wa barabara ya kumi na mbili kule Ngamiani, na kila neno lilipita kinywani mwangu. Mwanzoni nilitafsiri na matusi. Baadaye nikayachuja.

Kocha akaagiza visoda. Akavipanga kwa mkono wake mmoja, polepole, na shemeji upande wa pili akingoja bila kujua anangoja nini. Akakiweka kile cha saa mbele kabisa.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Sekunde 26, majaribio matatu, ruhusa moja ya kusimamisha saa. Mpe Lynch, azuiwe: unatumia ruhusa yako. Mpe tena, azuiwe: saa inakula, watu wamelaliana chini, jaribio la nne huenda usilipate. Kwa hiyo katika matatu hayo lazima mojawapo liwe la kurusha. Bora urushe sasa, wakati wazito wote wa New England wamejazana mstarini wakimngoja Lynch. Ikianguka chini, saa inasimama, na Lynch bado unaye mara mbili.

"Ni kama kumlisha mtu kete moja kwenye drafti," nilimwambia shemeji, nikijiongezea yangu. "Unatoa moja ili ule mbili."

"Sasa nani kaliwa?" akajibu.

Nilipomtafsiria, Kocha alinyamaza kidogo. Akakubali kwamba pasi yenyewe haikuwa nzuri. Kurusha sawa, alisema, lakini si pale katikati palipojaa watu; ungerusha kona, ambako anadaka wa kwako au hadaki mtu. Shemeji aliposikia hivyo akashangilia kama kashinda kesi. Lakini Kocha alikuwa bado hajamaliza. Alitaka tumzungumzie Belichick.

Lynch angeingia, alisema, usiku huu tungekuwa tunamtukana nani? Yule aliyeacha saa ife mikononi mwake. Brady angepewa sekunde ishirini za kufanya miujiza, wakati angeweza kupewa karibu dakika nzima. Makocha wawili wamecheza kamari katika dakika moja, na kesho mmoja ataitwa mwenye hekima, mwingine mwendawazimu. Baadaye nilisoma kwamba msimu ule mzima, katika pasi zote zilizorushwa kutoka yadi moja, hakuna nyingine iliyonaswa. Hiyo tu. Kocha hakuwa na takwimu hiyo usiku ule, lakini nadhani aliinusa.

"Shem, mwambie huyo mzee mimi sikusoma hesabu," shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini uamuzi mbaya ni uamuzi mbaya. Ungekuwa mzuri, tungeshinda."

Nikatafsiri. Kocha alikigeuza kisoda cha saa kati ya vidole.

Lazima niseme kwamba nilikuwa nimemsimulia Kocha habari za shemeji, usiku ambao Kocha hakupata usingizi. Jinsi shemeji alivyochanga akiba ya miaka sita, akakopa kwa ndugu, kwangu pia, akanunua teksi na leseni yake. Wakati ule kila dereva tuliyemfahamu alimwonea wivu. Na jinsi, muda si mrefu, yalivyokuja magari ya kuitwa kwa simu, na foleni ya mbele ya hoteli ikawa mahali pa kulala.

"Muulize," Kocha alisema kwa upole, "alipoinunua teksi ile, ulikuwa uamuzi mbaya?"

Nilikuwa na sentensi nzima tayari kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi, wala haikuwa na tusi.

"Anasemaje?" shemeji akauliza. "Mbona kimya? Anasemaje mzee?"

"Anauliza kama umekula," nikasema.

"Mwambie bado. Foleni haijasogea tangu saa kumi."