Ami kapwelewa

Jana baada ya laasiri Ami alipwelewa. Si baharini, bahari kaiacha tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Kapwelewa kwenye ubao wa mchezo wangu, juu ya mkeka wa mama, ngalawa zake zote mbili zimekaa mchangani: moja haitaondoka kwa zamu nne, nyingine kwa zamu tano. Akautazama mkanda wa maji, akazitazama ngalawa, akasonya. "Niliyaona yanapwa," akasema, "nikajidanganya kuwa bado bado."

Karibu miezi minane nilikuwa nangoja mtu aseme maneno hayo.

Kwa ambao hatujawahi kulizungumza: nabuni mchezo wa mezani wa watu wawili, wenye ubao usiotulia. Una vigae 37 vya plaiwudi, kila kimoja pembe sita, na vinapangwa upya kila mchezo. Kimoja katikati, 6 kukizunguka, kisha 12, kisha 18. Kila kigae ni kipande cha pwani, yaani fungu, mwamba, dimbwi, mkondo au mikoko. Kila mchezaji ana ngalawa mbili zinazopita penye maji tu, na waokotaji watatu wanaokwenda kwa miguu pakavu tu. Anayerudi nyumbani na pweza wengi ndiye mshindi. Raha na tabu yake ni hiyohiyo, kwamba pakavu hapakai pakavu.

Nimekulia mashariki ya Unguja. Kwetu maji yakipwa unatembea mpaka karibu na mwamba, kule mawimbi yanakovunjikia, na saa sita baadaye pale ulipokanyaga inapita mashua. Neno pwani lenyewe limetoka kwenye kupwa. Lakini michezo yote niliyokua nayo, drafti ya vizibo vya soda kwenye vyumba 64, keram, karata, inachezwa juu ya kitu kilichotulia tuli. Nilitaka mchezo unaonyanyuka na kushuka kama kwetu. Wazo halikunipa shida. Shida ilikuwa jinsi ya kuufanya ubao ubadilike bila kuua akili ya mchezaji, na hapo ndipo nilipopigwa.

Toleo la kwanza lilikuwa la mfuko. Kila zamu unatia mkono, unatoa kigae bila kuangalia, unakiweka juu ya kingine. Fungu linazuka, mkondo unaziba. Nilikipenda sana kitu kile. Nikampelekea Ami, ambaye kwa bao la kiswahili hapa mtaani hana wa kumuamsha barazani. Akacheza mara mbili kwa heshima. Mara ya tatu akaweka mikono mapajani.

"Mwanangu, hii si akili, hii kamari. Mie nafikiri zamu nne mbele, we unatia mkono mfukoni unanifutia."

Nikamjibu, nikiwa nimeshaudhika, kwamba bahari nayo hubadilika.

"Hubadilika. Lakini haitii mkono mfukoni."

Niliondoka nimenuna. Nikakaa wiki mbili sijagusa msasa.

Halafu nikaanza kuangalia wenzangu duniani wamefanyaje. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka 1995, una vigae 19 vinavyopangwa upya kila mara, ila mkishaanza ardhi imeganda. Carcassonne ya mwaka 2000 inakua kigae kwa kigae mpaka meza ijae, lakini kilichowekwa hakiondoki tena. Ulionikamata ni wa zamani zaidi, Labyrinth wa Max Kobbert, 1986. Kuna kigae kimoja cha ziada. Unakisukumia kwenye mstari, mstari mzima unasogea, na cha mwisho kinatoka upande wa pili. Njia uliyokuwa unaitegemea imekwenda, na ni mwenzako kaiondoa kwa kidole kimoja. Nikasema hapa ndipo penyewe, mchezaji mwenyewe ahamishe ardhi.

Toleo la pili nikalijaribu na mke wangu. Nikahamisha fungu mbele ya ngalawa yake. Akalirudisha. Nikalihamisha. Akalirudisha, anatabasamu. Tulikwenda hivyo dakika arubaini, mpaka akaniuliza kama mchezo wenyewe ndio huu au bado haujaanza. Nilipoisoma Labyrinth vizuri nikaona mbunifu wake alishaliona shimo hilo, maana kanuni yake inakukataza kukirudisha kigae pale pale kilipotokea. Quoridor wa 1997, ule wa kuweka nyuzio, nao una kinga yake: wakicheza wawili kila mtu ana nyuzio 10, ukishauweka hauung'oi, na ni marufuku kumfungia mwenzako njia zote. Nikapachika kanuni kama hizo. Mchezo ukaanza kufika mwisho, ndiyo, lakini ulikuwa mchezo wa kupigana na vigae. Hakuna aliyekuwa akivua.

Nitaje na mikosi ya mikono. Seremala wa kwanza alinikatia vigae vilivyozidi nusu milimita kila kimoja. Nusu milimita si kitu, utasema. Panga saba kwa mstari, imeshakuwa milimita tatu na nusu, na fremu haifungi. Nikarudi kwenye kadibodi, masika ikaingia, vigae vikafura kama maandazi. Sasa nimerudi kwenye plaiwudi, na fremu nimeiachia nafasi.

Kilichonifungua macho ni bao. Usiku mmoja nilikuwa nacheza na Ami, sina matumaini ya kushinda, nalinda nyumba yangu tu. Asiyelijua bao la kiswahili: mashimo 32, kete 64 za komwe, na kila upande una shimo moja linaloitwa nyumba, ambalo kwenye mabao mengi limechongwa mraba. Unaanza na kete 6 mle, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Nyumba ina haki zake ambazo mashimo mengine hayana. Ukiishia hapo baada ya kula unaweza kulala, kete zikabaki mle zikinenepa. Yangu ilishafika 11. Ami akala, akazichota zote, akazitawanya upande wake bila hata kuinua macho. Zilipokwisha akatia kidole kwenye lile shimo la mraba.

"Hii si nyumba tena."

Naijua kanuni hiyo tangu nina miaka tisa. Nyumba ikishatoka imetoka, ukiijaza tena ni shimo kama mashimo mengine. Lakini usiku ule nililitazama shimo lile muda mrefu hadi Ami akaniuliza kama nimelala mie au kete. Ubao ulikuwa umebadilika mbele yangu na hakuna kilichosogezwa. Mbao zilezile, mashimo yaleyale, na upande mzima wangu sasa ulikuwa mahali pengine. Tena wote wawili tulijua tangu mwanzo kwamba hilo litakuja. Kilichokuwa kinabishaniwa ni lini tu.

Nilikuwa nimejaribu bahati, nikajaribu mkono wa mchezaji. Sikuwa nimejaribu saa.

Toleo la sasa basi liko hivi. Kila kigae kina namba ya kimo, 1 hadi 5. Vya 1 ni vitano, vya 2 vinane, vya 3 kumi na kimoja, vya 4 vinane, vya 5 vitano. Pembeni kuna mkanda wa mbao wenye hatua 16, na kete moja ya buluu inayosogea hatua moja kila baada ya wote wawili kucheza. Hatua hiyo imeandikwa kiwango cha maji. Kigae chenye namba ndogo kuliko kiwango kimezama. Kilicho sawa au zaidi ni kikavu. Basi. Hakuna cha kugeuza wala kuhamisha. Mkanda uko wazi, mnauona wote tangu mwanzo hadi mwisho.

Binti yangu alikasirika. Kabla ya hapo nilikuwa na vigae vya pande mbili, mchanga na maji, na kazi yake ilikuwa kuvigeuza. "Baba, mbona sasa hakitokei kitu?" Nilimuonea huruma, kwa sababu hata mimi kile kishindo cha vigae kugeuka nakikosa. Lakini kuna zamu ambayo vigae vingezama kwa mkupuo mmoja 19, na hadi umalize kuvigeuza chai imepoa na mmeshasahau nani anacheza.

Hiyo zamu ya vigae 19 ni ya mama, si yangu. Mkanda wangu wa kwanza ulipanda 1, 2, 3, 4, 5, ukashuka vivyo hivyo. Mama alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Analima tangu miaka ya mwanzo kilimo hicho kilipoingia kwetu, kwenye 1989 hivi. Akauangalia mkanda kwa mbali.

"Maji gani hayo yanayopanda ngazi?"

Akanieleza, mikono haijasimama, kwamba yakianza kujaa huoni kitu, unaendelea na kazi yako, halafu katikati hapo yanakuja mbio, halafu karibu na kujaa yanatulia tena. Mabaharia wana hesabu yake: gawa maji katika mafungu 12, na katika saa sita yanaingia 1, 2, 3, 3, 2, 1, yaani nusu yote inaingia katika saa mbili za katikati. Mama hajagawa chochote kwa kumi na mbili. "Yakinifika magotini sifungi kamba nyingine," ndiyo hesabu yake.

Mkanda ukawa 1, 2, 4, 5, 5, 4, 2, 1. Hakuna 3. Kete ya buluu ikiruka kutoka 2 kwenda 4, vigae vyote vya 2 na vya 3 vinazama pamoja, na muokotaji aliyekuwa akisema "nimalizie huyu pweza mmoja" yuko majini. Hatua nane hizo ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Nane zinazofuata ni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, 2, 2, 3, 4, 4, 3, 2, 2, ambapo vigae vya 1 havitoki kabisa, kama ambavyo mama siku hizo haendi shambani, anakaa nyumbani kusuka ukili. Nilidhani nusu hiyo ya mchezo itaboa. Kumbe ndiyo inayowaumiza watu, maana kila mtu anataka kukusanya kabla bamvua haijaisha.

Ndiyo hapo Ami alipoingia. Alikuwa anavua na ngalawa moja juu ya kigae cha 3 na nyingine juu ya cha 2, maji yako 4, mkanda unamwambia waziwazi kwamba zamu ijayo ni 2. Akabakia. Pweza walikuwa wazuri.

Tulipomaliza (nilimshinda, na kwenye bao lililofuata akanilipiza vibaya) mama akaja kukusanya vikombe. Akaokota kigae kimoja, kile ambacho binti yangu amekichora fungu jeupe na vijiti vitatu.

"Hili si fungu la mbele ya kwetu?"

"Ndilo."

"Umeliandika 5."

"Si huwa halizami?"

"Lilikuwa. Tangu kusi ya mwaka jana limeliwa, maji yakijaa halipo."

Akakirudisha juu ya mkeka, akaondoka na vikombe. Rangi ya kuandikia namba nilikuwa nimeshainunua. Nimeifunga tena, namba za mafungu nimeziacha kwa penseli.